Maswali yenu kuhusu Lü Zhi, Malkia Mama wa kwanza wa China

Katika safu iliyopita nilimtaja kwa sentensi mbili tu Lü Zhi, mjane wa Liu Bang, mwasisi wa nasaba ya Han, na kumbe sentensi hizo mbili zilitosha kuwasha moto. Maswali yamekuja mengi, mengine ya hasira, mengine ya huruma, na mawili matatu kutoka kwa wasomaji wanaodai kuwa nimemchanganya na mwanamke mwingine. Nimechagua yale yaliyojirudia zaidi na kuyafupisha. Miaka yote yenye alama ya KK ni ya kabla ya Kristo, na huhesabiwa kwa kushuka.

Umemwita Malkia Mama. Je, hicho ni cheo cha serikali, au ni adabu tu ya kumwita mzazi wa mfalme?

Ni cheo, tena cheo chenye meno. Wachina walikiita huangtaihou, na kilikuwa cha mama wa Kaisari aliyeko kitini, awe amemzaa au awe mke mkuu wa baba yake. Cheo chenyewe cha Kaisari kilibuniwa na Qin Shi Huang mwaka 221 KK alipoziunganisha dola za China. Kabla ya hapo kulikuwa na mama wa wafalme wa dola mbalimbali, na baadhi yao walikuwa na nguvu sana, lakini Lü Zhi ndiye wa kwanza tunayemjua aliyekuwa mke mkuu wa Kaisari wa China nzima na kisha, baada ya kufiwa, akawa Malkia Mama.

Alikaa katika kasri la Changle, mashariki mwa mji wa Chang'an, na mwanawe akakaa Weiyang, upande wa magharibi. Kaisari ndiye aliyetoka kwake kwenda kumwamkia mama, si mama aliyekwenda kwa mwana. Kila alipokwenda barabara ilifungwa na wapita njia wakazuiwa, hata kijana huyo akaona haya ya kuwasumbua watu na kuanza kujenga njia ya juu ya kuunganisha makasri mawili.

Nguvu ya cheo hiki ilisimama juu ya wajibu wa mtoto kwa mzazi, na wajibu huo haukuwa wa mdomoni tu. Katika sheria za Han za wakati ule, mzazi aliweza kumshtaki mwanawe kwa kukosa utii na mwana akauawa, ilhali mtoto aliyekwenda kumshtaki mzazi hakusikilizwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuawa. Katika nchi ya namna hiyo, mtu pekee aliye juu ya Kaisari ni mama yake. Hata hivyo naomba msomaji ashike neno moja ambalo litatusaidia katika majibu yote yanayofuata: nguvu hiyo ilining'inia kwenye uzi mmoja, nao ni mwana aliyeko kitini. Uzi ukikatika, Malkia Mama ni mjane kama wajane wengine, mwenye maadui wengi zaidi.

Alizaliwa katika kasri? Nadhani mtu hawi malkia bila damu ya kifalme.

Hakuzaliwa katika kasri, na mumewe pia hakuzaliwa humo. Lü Zhi alizaliwa mwaka 241 KK huko Shanfu, katika jimbo ambalo leo ni Shandong. Baba yake, Mzee Lü, aligombana na watu wa kwao akahamia wilaya ya Pei, ambako mkuu wa wilaya alikuwa rafiki yake. Wakubwa wa mji waliposikia kuwa mkuu wao ana mgeni wa heshima, walikuja na tunza, na karani aliyezipokea, Xiao He, akaweka sharti kwamba yeyote ambaye tunzo yake haifiki sarafu 1000 akae chini, nje ya ukumbi. Hapo akaja Liu Bang, ofisa mdogo aliyesimamia kituo cha njiani, mpenda pombe na maneno makubwa, akaandika kwamba anatoa sarafu 10,000, hali mkononi hana hata moja. Mzee Lü alikuwa mtu wa kusoma nyuso. Alipoiona sura ya yule kijana aliinuka kumpokea mlangoni, akamkalisha mahali pa juu, na karamu ilipokwisha akamzuia asiondoke, akampa binti yake.

Mama wa binti aliwaka. Alimkumbusha mumewe kwamba siku zote yeye ndiye aliyekuwa akisema mtoto huyu ataolewa na mtu mkubwa, na kwamba hata mkuu wa wilaya aliposa akanyimwa. Sasa iweje binti huyo huyo atupiwe mtu wa aina ya Liu? Mzee alijibu kwamba hayo si mambo ya wanawake na watoto, na shauri likaisha. Binti mwingine wa nyumba ile, Lü Xu, aliolewa na Fan Kuai, ambaye kazi yake ilikuwa kuchinja mbwa kwa ajili ya nyama. Miaka ya kwanza ya ndoa Lü Zhi aliipitisha kondeni, akipalilia na watoto wake wawili, binti na mdogo wake Liu Ying, huku mumewe yuko kazini au yuko kilabuni.

Je, ni kweli kwamba aliwahi kuwa mateka wa vita?

Ni kweli. Liu Bang alipoasi na kuanza kuigombea China na Xiang Yu, alipigwa vibaya huko Pengcheng mwaka 205 KK. Katika kukimbia aliwapata njiani watoto wake wawili, na kwa kuwa farasi walikuwa wamechoka na adui yuko nyuma, aliwasukuma watoto wale nje ya gari mara kadhaa ili gari liwe jepesi; dereva wake, Xiahou Ying, ndiye aliyekuwa akishuka kuwaokota. Mkewe na baba yake mzazi waliangukia mikononi mwa Xiang Yu na wakakaa huko zaidi ya miaka miwili, hadi mapatano ya mwaka 203 KK. Siku moja Xiang Yu alimweka yule mzee juu ya ubao wa kukatia nyama na kutishia kumchemsha, naye Liu Bang akajibu kwamba ikiwa ni hivyo basi abakiziwe bakuli la mchuzi. Sijasoma popote Lü Zhi alisema nini aliposikia jibu hilo. Ninachojua ni kwamba aliporudi alimkuta mumewe na suria kijana, Bi Qi, na mtoto wake wa kiume, Liu Ruyi.

Nimesikia kwamba aliwaua majemadari waliompa mumewe ushindi. Alifanya hivyo kwa siri?

Si kwa siri, na mumewe hakusikitika sana. Mwaka 196 KK, Liu Bang akiwa mbali vitani, Han Xin, jemadari mkubwa kuliko wote, alituhumiwa kupanga maasi ndani ya mji mkuu. Lü Zhi alishauriana na Xiao He, yule yule karani wa tunza ambaye sasa alikuwa waziri mkuu, nao wakamwita kasrini kwa kisingizio cha kupongeza ushindi. Aliuawa katika chumba cha kengele cha Changle. Liu Bang aliporudi, wanasema wanahistoria, alifurahi na kuhuzunika kwa pamoja.

Jemadari mwingine, Peng Yue, yeye alikwisha kusamehewa adhabu ya kifo na kupelekwa uhamishoni Shu. Alikutana na Lü Zhi njiani, akalia mbele yake na kuomba arudishwe kwao. Malkia alikubali, akafuatana naye hadi Luoyang, kisha akamwambia mumewe kwamba kumwacha hai mtu shujaa namna ile ni kujitafutia balaa. Peng Yue aliuawa pamoja na ukoo wake. Maoni yangu ni kwamba Liu Bang alivuna faida ya damu ile na kumwachia mkewe jina baya.

Kwa nini alimfanyia Bi Qi ukatili ule? Ni wivu wa uke wenza tu?

Swali hili limeulizwa na wengi kuliko mengine yote, na wengi wenu mmekwisha kulijibu wenyewe kwa neno wivu. Wivu ulikuwepo, sikatai. Lakini tazameni uzi ule niliousema. Bi Qi hakuridhika na kupendwa. Usiku na mchana alilia kwa Liu Bang ili Ruyi awe mrithi badala ya Liu Ying, naye Liu Bang alikubali, akisema Liu Ying ni mpole mno na hafanani naye. Jambo lilifika barazani. Mwanabaraza mmoja, Zhou Chang, ambaye alikuwa na kigugumizi, alipinga kwa hasira hadi maneno yakamkwama, na Lü Zhi, aliyekuwa amejificha katika chumba cha pembeni akisikiliza, alitoka akapiga magoti mbele yake kumshukuru. Hebu fikirini: malkia anampigia magoti ofisa. Kisha, kwa ushauri wa Zhang Liang, mshauri mkongwe wa Liu Bang, waliletwa wazee wanne wenye ndevu nyeupe, kila mmoja na umri wa zaidi ya miaka 80, ambao Liu Bang aliwatafuta kwa miaka wakamkimbia. Alipowaona wamesimama nyuma ya Liu Ying alijua kwamba kijana ana watu, akaacha shauri lake.

Liu Bang alikufa mwaka 195 KK. Bi Qi alifungwa katika Yongxiang, jela ya wanawake wa kasri, akanyolewa nywele, akavishwa nguo nyekundu za wafungwa na pete ya chuma shingoni, akapewa kinu na mchi. Wasomaji wengi hudhani kwamba kutwanga kulikuwa dhihaka iliyobuniwa kwa ajili yake. Hapana, ilikuwa adhabu ya kawaida ya sheria: mwanamume aliyehukumiwa kazi ngumu alipelekwa kujenga kuta, na mwanamke alipelekwa kutwanga nafaka. Kwa hiyo hadi hapo suria wa Kaisari alikuwa amegeuzwa mfungwa kama wafungwa wengine, na huenda angezeekea kinuni. Kilichomponza ni sauti. Kama ilivyo desturi ya wanaotwanga, aliimba, na katika wimbo wake alilalamika kwamba mwana ni mfalme na mama ni mtumwa, tena akauliza ni nani atakayempelekea mwanawe habari, naye yuko umbali wa li 3000 (li ni kipimo cha umbali cha Wachina). Mwana huyo, Ruyi, alikuwa mfalme wa Zhao, mwenye ardhi na askari. Lü Zhi alisikia wimbo ule kama wito wa vita.

Akamwita Ruyi mjini. Mlinzi wa mtoto alikuwa yule yule Zhou Chang mwenye kigugumizi, na mara tatu alikataa kumtoa, mpaka alipoitwa yeye kwanza ndipo mtoto akabaki peke yake na kuletwa. Liu Ying, sasa Kaisari Hui, alimpenda ndugu yake. Alikwenda mwenyewe kumpokea nje ya mji, akala naye na kulala naye ili mama asipate nafasi. Majira ya baridi yaliyofuata, alfajiri moja, Kaisari alitoka kwenda kupiga mishale. Ruyi alikuwa mdogo, usingizi ulimlemea, akaachwa kitandani. Kaisari aliporudi, kulikuwa kumekwisha kucha na ndugu yake amekwisha kunyweshwa sumu.

Yaliyomfika Bi Qi baada ya hapo nitayasema kwa ufupi kwa sababu sioni faida ya kuyarefusha: alikatwa mikono na miguu, akapofushwa, akatiwa uziwi na ububu, akatupwa chooni, ambako kwa ujenzi wa Kichina wa enzi zile ndiko pia nguruwe walikofugwa, na Malkia Mama akampa jina la nguruwe-mtu. Siku chache baadaye akamwita mwanawe aje amtazame.

Hapo ndipo hesabu ya siasa inapokoma kumtetea. Kumwua Ruyi ulikuwa unyama wenye sababu, kwa maana kwamba mtu anaweza kuutaja uzi uliokuwa ukilindwa. Mwili wa mwanamke ambaye mwanawe amekwisha kufa haukuwa ukitishia uzi wowote.

Mwanawe alisema nini?

Alipoambiwa yule ni nani alilia kwa sauti, akaugua zaidi ya mwaka mzima, na akamtumia mama ujumbe kwamba jambo hilo si la binadamu na kwamba yeye, akiwa mtoto wa mama wa namna hiyo, hawezi kuitawala dunia. Tangu siku hiyo alijitupa katika pombe na anasa. Mama hakuacha kumpangia maisha: mwaka 191 KK alimwoza Zhang Yan, binti wa dada yake wa tumbo moja, ili damu ya nyumba ya kifalme isitoke nje. Ndoa hiyo ya mjomba na mpwa haikupata mtoto. Kaisari Hui alikufa mwaka 188 KK, kabla ya kutimiza miaka 25.

Katika mazishi Malkia Mama aliomboleza kwa sauti, lakini machozi hayakumtoka. Kijana mmoja wa miaka 15, mwana wa Zhang Liang, ndiye aliyemweleza waziri mkuu sababu: Kaisari hakuacha mwana aliye mtu mzima, mama huyu anawaogopa ninyi wazee wa serikali, na mkiwapa ndugu zake majeshi atapumua. Ndugu zake wakapewa majeshi, na machozi yakaja.

Si huyu ndiye Wu Zetian? Au ni yule Cixi wa kwenye sinema?

Siye. Wu Zetian alijitangaza Kaisari kwa jina lake mwenyewe mwaka 690 BK, zaidi ya miaka 860 baada ya Lü Zhi kufa, na Cixi alikufa mwaka 1908. Lü Zhi hakujiita Kaisari hata siku moja.

Niliwahi kusoma kwamba mfalme wa wahamaji alimwandikia barua chafu. Ilisemaje?

Ilikuwa mwaka 192 KK. Modu, mtawala wa Waxiongnu wa nyika za kaskazini, aliandika kwamba yeye ni mpweke na Malkia Mama naye ni mpweke, wote wawili hawana raha, basi kwa nini wasibadilishane, kila mmoja akampa mwenzake kile alichopungukiwa? Katika baraza, Fan Kuai, shemeji yake na mchinja mbwa wa zamani, alisimama akaomba askari 100,000 ili akawapondeponde Waxiongnu. Mabwana wengine wakaitikia. Ndipo Ji Bu aliposema Fan Kuai anastahili kukatwa kichwa, kwani mwaka 200 KK Liu Bang mwenyewe alizingirwa na Modu huko Baideng kwa siku saba, na Fan Kuai huyu huyu alikuwa jemadari akashindwa kumfungulia njia. Vilio vya waliojeruhiwa bado havijanyamaza, naye anataka kuitikisa nchi tena.

Malkia Mama alifunga kikao na hakulirudia tena shauri la vita. Jibu lake kwa Modu lilikuwa la mwanamke aliyeimeza hasira yote bila kutafuna: kwamba amezeeka, nywele zinapukutika na meno yanatoka, hata kutembea anayumba, kwa hiyo mtawala asijitie aibu kwa ajili yake, na anamletea magari mawili na farasi wa kuyavuta. Modu alituma mtu kuomba radhi, akaleta farasi, na amani ya kuozana mabinti ikaendelea. Mwanamke aliyemkata Bi Qi mikono kwa sababu ya wimbo wa kutwangia aliweza kulimeza tusi kubwa kuliko hilo pale ambapo gharama yake ingekuwa maisha ya maelfu ya wakulima. Kwangu mimi, hakuna tukio linalomweleza vizuri zaidi.

Tuseme pia kwamba hakufanikiwa hivyo kila upande. Kusini, alipokataza kuiuzia Nanyue zana za chuma na mifugo ya kike, mtawala wake Zhao Tuo alijitangaza Kaisari na kushambulia Changsha, na jeshi lililotumwa kumwadhibu lilikwama kwa joto na maradhi kabla ya kuvuka milima.

Kwa mkatili kama huyo, wananchi waliishije?

Waliishi vizuri kuliko wazazi wao, na anayesema hivyo si mimi. Sima Qian, mwanahistoria mkuu wa Han, aliyeandika karibu miaka 100 baadaye chini ya wajukuu wa watu walioufuta ukoo wa Lü, alimpa sura nzima miongoni mwa sura za watawala wa China, wakati mwanawe Hui hakupewa yake. Mwishoni mwa sura hiyo iliyojaa sumu na vifo, anaeleza kwamba mambo ya nchi yaliendeshwa bila mtawala kutoka nje ya milango ya vyumba vyake na bado nchi ilitulia, adhabu zilitumika kwa nadra, wahalifu wakawa wachache, watu wakashughulika na kilimo, na chakula na mavazi vikaongezeka.

Mwaka 191 KK iliondolewa sheria ya Qin, nasaba iliyoitangulia Han, iliyokuwa ikikataza watu binafsi kumiliki vitabu. Mwaka 187 KK, akitawala sasa waziwazi kwa amri zake mwenyewe, aliondoa adhabu ya kuangamiza koo tatu kwa kosa la mtu mmoja, pamoja na ile ya maneno ya uchochezi. Kuta za Chang'an, zenye mzunguko wa kilomita 25 hivi, zilijengwa kwa awamu: mwaka 192 KK waliitwa wanaume na wanawake 146,000 wa maeneo ya jirani, wakafanya kazi siku 30, wakarudishwa makwao. Ulinganifu na Qin, ambako mtu aliyeitwa kujenga aliagwa kama maiti, ulikuwa wazi kwa kila mzee. Si kila amri ilikuwa nyepesi: mwaka 189 KK iliamriwa kwamba mwanamke wa miaka 15 hadi 30 asiyeolewa atozwe kodi ya kichwa mara tano, kwa sababu vita vilikuwa vimemaliza watu na serikali ilitaka watoto.

Ushahidi wa karibu zaidi ulitoka kaburini. Katika majira ya baridi ya mwaka 1983 kuamkia 1984, huko Zhangjiashan, jimbo la Hubei, lilifunguliwa kaburi la ofisa mdogo aliyezikwa na vipande vya mianzi vilivyoandikwa kwa wino, na zaidi ya 500 kati ya vipande hivyo ni sheria za mwaka ambao wataalamu wanaukubali kuwa 186 KK, utawala wake ukiwa umepamba moto. Humo tunasoma kwamba mtu akifa bila mwana, na wazazi wake hawapo, mjane wake anaweza kuwa mkuu wa kaya, na asipokuwepo mjane, binti. Lakini humo humo kuna kifungu kinachosema kwamba wajukuu na vitukuu wa baba yake Malkia Mama, wakipatikana na hatia ya kustahili kukatwa viungo au kutiwa kazi ngumu kabisa, wapunguziwe. Ofisa yule alibeba kaburini, katika mafungu yale yale ya mianzi, haki ya mjane na upendeleo wa ukoo wa mtawala.

Aliwezaje kuendelea mwanawe alipokufa, na kwa nini ukoo wake uliteketea?

Aliweka kitini mtoto aliyedaiwa kuwa wa Zhang Yan, ambaye mama yake halisi alikuwa ameuawa. Mtoto alipopata fahamu na kusema kwamba akikua atalipa kisasi, alifichwa, ikatangazwa ni mgonjwa, akauawa mwaka 184 KK, na mwingine akawekwa. Wakati huo huo aliwapa wapwa na wajukuu wa ukoo wake ufalme wa majimbo, kinyume cha kiapo ambacho Liu Bang aliwaapisha wakubwa kwa damu ya farasi mweupe, kwamba asiye wa ukoo wa Liu akijifanya mfalme, wote wampige. Waziri mkuu Wang Ling alimwambia hayo usoni akaondolewa. Wakubwa wenzake, Chen Ping na Zhou Bo, walisema hakuna ubaya, wakabaki na vyeo vyao, na wakasubiri.

Mwaka 180 KK, akirudi kutoka kwenye tambiko la kujitakasa, aliona kitu mfano wa mbwa wa kijivu kikimgonga kwapani kisha kikatoweka. Mpiga ramli alisema ni mzimu wa Ruyi. Kwapa liliuma hadi akafa mwezi wa 7. Aliwausia wapwa zake Lü Lu na Lü Chan wayashike majeshi, wasiende hata kumsindikiza kaburini. Lü Lu alibembelezwa na rafiki yake akakabidhi muhuri wa jeshi la kaskazini. Shangazi yake, Lü Xu, alipopata habari alizitoa lulu, vito na vyombo vyote vya thamani akavitawanya uani, akisema haoni haja ya kuvitunza kwa ajili ya watu wengine. Zhou Bo aliingia kambini akaamuru kwamba aliye upande wa Lü aache wazi bega la kulia, na aliye upande wa Liu, la kushoto. Mabega yote yaliyoachwa wazi yalikuwa ya kushoto. Wa ukoo wa Lü, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, waliuawa, na Lü Xu alichapwa hadi akafa.

Malkia Mama waliomfuata walijifunza nini kwake?

Waliojifunza kwanza ni wanaume. Walipokaa kuchagua Kaisari mpya hawakupima tu wana wa Liu; walipima wajomba zao. Mfalme wa Qi alikataliwa kwa kuwa mjomba wake alikuwa mtu mkali, na Liu Heng wa Dai akapendelewa kwa kuwa watu wa mama yake, Bi Bo, walijulikana kwa upole. Bi Bo alinusurika enzi ya Lü kwa sababu Liu Bang alimjali kwa nadra; hakuna aliyemwonea wivu. Mke wa Liu Heng, Bi Dou, alikuwa mjakazi wa Lü Zhi mwenyewe. Walipogawiwa wafalme wajakazi watano watano, alimwomba towashi aliyeandika orodha amtie kwenye kundi la Zhao, karibu na kwao. Towashi akasahau, akamwandika Dai. Aliondoka akilia. Akawa malkia, kisha Malkia Mama, na alikufa mwaka 135 KK akiwa ameona utawala wa mume, mwana na mjukuu.

Kuna kitu chochote chake kilichobaki?

Kaburi lipo, kilima cha udongo mashariki ya kilima cha mumewe huko Changling, ng'ambo ya mto Wei. Waasi walioitwa Nyusi Nyekundu walilivunja mwaka 26 BK na kuunajisi mwili, na mwaka 56 BK Kaisari Guangwu aliiondoa nafasi yake katika hekalu la mababu akampa Bi Bo.

Kisha, mwaka 1968, mtoto wa shule aliyekuwa akirudi nyumbani aliona kitu kikimeta ukingoni mwa mfereji, umbali wa kilomita moja hivi kutoka Changling, akakifukua kwa vidole. Ulikuwa muhuri wa jedi nyeupe wenye mgongo wa mnyama aliyejikunja, upana wake sentimita 2.8 na uzito wake gramu 33, mdogo wa kutosha kufichika katika ngumi ya mtoto. Baba yake aliupeleka Xi'an, na sasa umo katika Makumbusho ya Historia ya Shaanxi. Wengi huuita muhuri wa Lü Zhi kwa sababu ya mahali ulipookotwa. Chini yake zimechongwa herufi nne zinazosomeka "muhuri wa malkia", na jina la mtu halimo.